"Andika Sina": Jinsi Wanaanthropolojia Wanavyochunguza Maadili ya Wakristo na ya Wasio na Dini

Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa upande wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Jioni moja nikafika na tableti yangu kwa mzee mmoja mpole, mwenye kikoi kilichopauka kwa kufuliwa. Hakukubali nianze maswali. Kwanza niketi. Kisha ninywe maji. Kisha niseme mimi ni wa mbari gani na bibi mzaa baba alizikwa wapi. Alipotosheka akasema, "Haya mwanangu, uliza." Mambo yakaenda vizuri mpaka swali la dini.

"Andika sina."

Nikamsomea orodha: Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu, Mhindu, hadi nikafika kwenye wafuasi wa mila. Akatikisa kichwa. "Mila si dini. Dini ni ya wale wa kanisani na wale wa msikitini. Wewe andika sina." Nikabonyeza "hana dini", tukahamia mambo ya shule.

Matokeo yalipotoka, Wakenya 755,750 walikuwa wamehesabiwa kuwa hawana dini au ni wakanamungu, maana kisanduku kilikuwa kimoja kwa wote hao. Ni kama asilimia 1.6 ya watu wote, na Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na idadi kubwa. Barazani watu walishangaa: kumbe tumezungukwa na wakanamungu! Mimi nilimjua angalau mmoja wao, na nilijua kwamba hanywi mnazi wake kabla ya kumwaga tone chini kwa ajili ya koma, yaani wazee waliotangulia.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, kila nikipata nafasi, juu ya tawi moja la anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na desturi zao, liitwalo anthropolojia ya maadili, na mara kadhaa nimewatafsiria wanafunzi wa kigeni wanaokuja huku kufanya utafiti. Nimeona watu wengi wakiielewa vibaya kazi hiyo. Wengine hudhani mtafiti wa maadili amekuja kupima nani mwema na nani mwovu. Wengine hudhani amekuja kuandika orodha ya miiko ili aipeleke kwao. Wachungaji wa huku huuliza moja kwa moja: mtu asiye na Mungu, maadili yake yatachunguzwaje wakati hayapo? Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na neno lenyewe. Maadili yametoka kwenye adili, yaani haki na unyoofu, lakini siku hizi Kenya neno hilo limekaa kwenye mabango ya kupinga ufisadi hadi limepoteza ladha. Mwanaanthropolojia akisema maadili, anataka kujua mambo ambayo sisi tungeyasema kwa maneno mengi mbalimbali: utu, heshima, haya, aibu, adabu, dhambi, mwiko, deni. Maneno hayo hayana uzito mmoja. Aibu inahitaji macho ya watu. Dhambi inaweza kukukuta peke yako chumbani. Mwiko ukivunjwa bila kujua bado umevunjwa, na dawa yake ni kutakaswa. Kosa la kutojua, kwa mchungaji, laweza lisiwe kosa kabisa. Mtafiti anayeyatia yote hayo kwenye gunia moja ameshapotea kabla hajaanza.

Tena haji na fomu. Tangu Bronisław Malinowski alipopiga hema kijijini katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, desturi ya fani hii ni kukaa: mwaka, miaka miwili, kujifunza lugha, kula wanachokula wenyeji, kuwachosha watu kwa maswali ya kitoto. Anayechunguza maadili hupenda kukaa pale watu wanapogombana. Ukimwuliza mtu kama yeye ni mwaminifu atakwambia ndiyo, lakini akigombana na shemejiye juu ya mnazi uliopandwa mpakani, maadili yote ya ukoo hutolewa nje yakaanikwa. Umbea, ambao mashehe na wachungaji wameukemea tangu hapo, kwa mtafiti ni hazina. Ndani ya umbea watu husema bila kuulizwa nani amevuka mpaka, na mpaka wenyewe uko wapi.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuona haja ya kulifanya jambo hili tawi la pekee. Émile Durkheim, Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, aliwaachia wazo kwamba maadili ni jamii ikisema ndani ya mtu. Ukishaieleza jamii, umeyaeleza maadili. Wazo hilo lina nguvu, na mtu yeyote aliyelelewa Malindi, ambako jirani anaweza kukuchapa na mama akamshukuru, hawezi kulicheka. Lakini lina shimo. Kama maadili ni kutii jamii tu, basi mtu anayejiuliza usiku kucha afanye nini anafanya kazi gani? Mwaka 2001 James Laidlaw, aliyewahi kuishi na Wajaini, watu wa dini moja ya kale ya India, alitoa mhadhara London akisema kwamba anthropolojia haitayafikia maadili mpaka itoe nafasi kwa uhuru: watu hujichagulia mfano wa kuufuata, wakajifunga, wakajilea, wakashindwa, wakaanza tena. Tangu hapo vitabu vimemiminika.

Tuweke tofauti hiyo kwenye jambo la hapa nyumbani. Chukua wanaume watatu wasiokunywa mnazi. Wa kwanza haunywi kwa kumwogopa baba mkwe. Wa pili ameokoka, na kila akipita mangweni anapigana na kiu yake. Wa tatu haunywi kwa sababu mganga alimwambia ana pepo wa Kiislamu asiyetaka pombe. Kwa macho ya Durkheim hao wote wanashika mwiko. Ukikaa nao utaona watu watatu wanaofanya mambo matatu.

Huyo wa tatu si mfano wa kubuni. Mwingereza David Parkin alikaa na Wagiriama, mmoja wa makabila ya Wamijikenda wa pwani hii, huko Kaloleni miaka ya 1966 na 1967, wakati baadhi ya vijana walipokuwa wakinunua minazi na kutajirika kwa nazi kavu. Maadili ya ukoo yalimtaka mwenye nacho agawe: anywe na wazee, achinje mazishini, alishe. Ukigawa kila unachopata, huwezi kununua shamba la pili. Baadhi ya vijana hao wakaugua; mganga akasema ni pepo wa Kiislamu, na dawa yake ni kuacha mnazi na nyama isiyochinjwa kwa Bismillahi. Basi hawangeweza tena kukaa kwenye mduara wa kunywa na kula pamoja. Hakuna aliyeweza kuwalaumu, maana mgonjwa halaumiwi. Wakati huohuo hawakuthubutu kuwapuuza wazee, kwa kuwa ardhi haikuwa na hati na ushahidi wa wazee ndio uliokuwa hati. Parkin aliwaita Waislamu wa tiba.

Je, walikuwa wanafiki? Nimewahi kuuliza hivyo mbele ya mwanafunzi mmoja niliyekuwa namtafsiria, naye akaniambia swali hilo linaufunga mlango. Lililo muhimu ni kwamba wema wa aina mbili uligongana, wema wa kugawa na wema wa kujenga, na watu wakatafuta njia ya kuishi katikati bila kuukana wowote. Nilikubali nusu. Bado nadhani wawili watatu walikuwa wanafiki.

Kwa Wakristo, kitabu ambacho kila mtu wa fani hii hukitaja kilitoka mwaka 2004, cha Joel Robbins, juu ya Waurapmin wa Papua New Guinea. Alipokuwa nao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa watu 390 hivi milimani, mahali ambapo hapakuwahi kukaa mmisionari Mzungu. Mwaka 1977 moto wa uamsho ukawapitia na wote wakawa Wakristo. Hapo wakaingia kwenye taabu ambayo Robbins aliieleza kwa subira kubwa. Zamani Mwurapmin mwema alijua kupima: hasira kidogo, kujitutumua kidogo, maana bila kiongozi anayejitutumua hakuna kijiji kitakachojengwa wala mke atakayeolewa, na bila kujizuia hakuna amani. Ukristo ukaja ukasema hasira ni dhambi, kujitutumua ni dhambi, hata wivu ulioufunga moyoni ni dhambi, na siku ya mwisho utasimama peke yako. Mkeo hawezi kukuaminia. Lakini maisha ya kijiji hayakubadilika, bado yalihitaji watu wa kujitutumua. Kwa hiyo kuishi tu kulikuwa kutenda dhambi. Wakaungama kwa wachungaji wao, wakacheza usiku ngoma za Roho Mtakatifu ili dhambi ziwatoke, na kesho yake mtu akagombana na nduguye juu ya bustani.

Mimi nimebatizwa Kianglikana, na niliposoma habari za Waurapmin nilimkumbuka mjomba wangu. Aliokoka akiwa mtu mzima. Baba yake alipofariki, ukoo ukamtaka, yeye mtoto wa kwanza wa kiume, atoe mbuzi na mnazi wa mahanga. Kanisa lilimwambia asishiriki ibada za mizimu. Wazee wakamwambia mtoto asiyemzika babaye si mtu. Hakuna upande uliomwambia jambo baya. Alitoa pesa za mbuzi, akakataa kutoa za mnazi, akakaa mazishini siku zote bila kuonja kitu, na kwa miaka mingi baadaye akiugua hata mafua hakosi kujiuliza ni nani amekasirika, Mungu au baba. Mwanaanthropolojia hana haja ya kuamua nani alikuwa sahihi. Kazi yake ni kuona kwamba mjomba alikuwa akijibu kwa mabwana wawili, na kuandika ilivyokuwa kujibu hivyo.

Nimelipenda neno hilo, kujibu, kuliko yote niliyokutana nayo katika kusoma kwangu. Mtu akikosea, anajibu kwa nani? Ukiliweka swali hivyo, Wakristo wenyewe huacha kuwa kundi moja.

Webb Keane alichunguza kisiwa cha Sumba, Indonesia, ambako wamisionari Wakalvini kutoka Uholanzi waliwafundisha watu kwamba sala ni lazima itoke moyoni mwa anayeisema. Wenyeji walikuwa wakinena na mizimu kwa maneno ya mafumbo waliyorithi kwa mababu, na kadiri maneno yalivyokuwa si ya msemaji ndivyo yalivyokuwa na nguvu. Kwa mmisionari huo ulikuwa udanganyifu. Kwa mwenyeji, kumwambia mzimu maneno uliyojitungia asubuhi ile ilikuwa utovu wa adabu. Ugomvi wa namna hiyo uko hapa Malindi pia. Janet McIntosh, Mmarekani aliyeandika mwaka 2009 juu ya Waswahili na Wagiriama wa mji huu, alikuta Wagiriama waliosilimu kwa sababu pepo wa Kiislamu waliwakalia mwilini, wakawatapisha chakula cha haramu. Waswahili wengi waliwatilia shaka: iko wapi nia? Uislamu bila nia ni upi? Kumbe swali ambalo Mkalvini wa Uholanzi aliwauliza Wasumba, Mswahili wa Malindi anamwuliza Mgiriama, na Mlokole wa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapahapa Malindi, anamwuliza Mwanglikana anayesoma sala kutoka kitabuni. Sisemi wote ni kitu kimoja. Nasema wote hubishana juu ya mahali maadili yanapokaa, ndani ya moyo au kwenye tendo lenyewe.

Tanya Luhrmann alifuata njia nyingine. Alikaa na makanisa ya kiinjilisti ya Vineyard, Chicago na California, akitaka kujua mtu mwenye akili zake anajifunzaje kumsikia Mungu. Aliona ni mazoezi: waumini hujifunza kutofautisha wazo lao na wazo lililotumwa, na wengine humwekea Mungu kikombe cha kahawa mezani ili wazungumze. Kwetu jambo hilo lingechekesha, mtu kumkaribisha Mwenyezi kama jirani aliyepita na kashata mkononi. Lakini Mungu wa kikombe cha kahawa hukukosoa kwa upole, kama rafiki. Mungu wa Waurapmin hukaa kama hakimu. Waumini wa wote wawili husoma Biblia.

Siwezi kuandika haya nikiwa Malindi nikaruka Shakahola. Mwezi Aprili 2023, katika msitu ulioko ndani huko, yalianza kufukuliwa makaburi ya wafuasi wa kanisa moja wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka kufa, na miili iliyopatikana ilipita 400, watoto wengi wakiwemo. Kesi zilipelekwa mahakamani, nami siingii huko. Ninalotaka kusema ni dogo. Mjini tulijibu kwa neno moja, wajinga, na neno hilo likatupa usingizi. Miaka mingi kabla, Susan Harding, aliyekaa na Wakristo wa msimamo mkali wa Marekani, aliandika mwaka 1991 kwamba wasomi humchunguza kwa huruma mtu wa mbali, lakini yule wa jirani wanayemchukia humgeuza katuni. Ukichunguza kwa kukaa, utauliza mzazi alijilea vipi, hatua kwa hatua, mpaka utii ukawa ndio wema wote, na ni sauti zipi nyingine alizowahi kujibu zikazimwa moja baada ya moja: shule, hospitali, mama mkwe. Kuuliza hivyo si kusamehe. Hakimu ana kazi yake.

Nirudi kwa swali la wachungaji, la wasio na dini. Wanasaikolojia wamelipima kwa njia yao. Mwaka 2017 Will Gervais na wenzake walitoa utafiti wa watu zaidi ya 3,000 katika nchi 13: wakipewa habari ya mtu aliyetesa wanyama utotoni na ukubwani akawa mwuaji, watu walielekea zaidi kumdhania kuwa hana dini kuliko kumdhania kuwa nayo. Cha ajabu, hata wasioamini walielekea huko. Basi mashaka ya barazani kwetu yana ndugu dunia nzima. Lakini utafiti huo unatuonyesha dhana za watu tu. Haukuingia nyumbani mwa yeyote.

Aliyeingia ni Matthew Engelke. Kabla ya hapo alikuwa amekaa Zimbabwe na Waapostoli wa Masowe wasiosoma Biblia, wanaosema wanampokea Mungu moja kwa moja. Kisha mwaka 2011 akakaa London na chama cha wahumanisti cha Uingereza, watu wanaoamini kwamba maisha ni haya tu. Chama hicho kilianza mwaka 1896 kama muungano wa vyama vya maadili, jambo ambalo ningependa wachungaji wetu walijue. Engelke aliwafuata hasa mazishini. Mwendeshaji wa mazishi ya kihumanisti huitembelea familia, hukusanya habari za marehemu, kisha husimulia maisha yake bila sala na bila ahadi ya kuonana tena. Kinachowasumbua ni jeneza. Kwa imani yao aliyekuwamo hayupo tena na mwili ni mwili tu, lakini jeneza liko pale mbele, watu wanaliangalia, wanalishika, wanazungumza nalo. Je, lifunikwe? Litajwe? Watu waliokataa mizimu wanajikuta wakibishana juu ya adabu za maiti.

Engelke aliona pia kwamba kwao furaha ni wajibu. Kama hakuna maisha mengine, kuyapoteza haya kwa huzuni isiyo ya lazima, au kumpotezea mwenzio yake, ni kosa. Nao hujieleza kila mara kwa kujipima na dini waliyoiacha: sisi hatufanyi vile, sisi hatusemi vile. Mtu anayegombana na Ukristo kwa miaka 30 anaujua Ukristo kuliko wengi wa wanaolala kanisani.

Kuna wengine hawagombani na chochote. Mwanasosholojia Phil Zuckerman alizungumza na watu wa Denmark na Sweden mwanzoni mwa karne hii, akakuta wengi wasiomwamini Mungu wanaobatiza watoto, wanaofunga ndoa kanisani, na wanaosema bila wasiwasi kwamba ukifa umekwisha. Ukiwauliza mbona mnakwenda kanisani, husema ni desturi yetu. Hapa Malindi tunawajua watu wa namna hiyo bila kutoka nje ya mji: Waitaliano wengi waliostaafu huku hawaonekani misani tangu Pasaka mpaka Pasaka, lakini ndege ikitikisika karibu ya kutua, mkono huenda wenyewe kwenye paji la uso.

Kwa hiyo "asiye na dini" ni jina la mtungi, halikwambii ndani mna nini. Mdenmark anayebatiza mtoto kwa desturi yumo. Mhumanisti wa London yumo. Kijana wa Nairobi aliyejiunga na chama cha wakanamungu, kile kilichosajiliwa Februari 2016, usajili ukasitishwa miezi miwili baadaye na wanachama wakaenda mahakamani, naye yumo. Na ndani ya mtungi huohuo nimemtia mimi, kwa kidole changu, mzee wa Ganda mwenye Mulungu, mwenye koma, na mwenye kaya ya mababu, yaani msitu mtakatifu wa makazi ya kale, ambayo, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, UNESCO iliitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mzee naye hakukosea. Neno dini lilifika kwao mikononi mwa watu wenye vitabu, na kwa karne nyingi hapa pwani "hana dini" lilikuwa tusi alilotupiwa Mnyika, mtu wa porini. Alichofanya ni kulichukua tusi akalikalia kama kiti. Ni kama kusema: sisi tuna mila. McIntosh alionyesha pia kwamba Wagiriama wa Malindi hutumia nguvu za Kiislamu na za kimila, kila moja mahali pake, bila kuzichanganya wala kuona haja ya kuchagua moja. Fomu ya sensa inataka jibu moja.

Kuna jambo la mwisho ambalo wanafunzi wa kigeni hulikuta wakishafika. Kuahirisha hukumu kunadumu mpaka lini? Mwaka 1947 shirika la wanaanthropolojia wa Marekani lilitoa tamko la kuyatilia shaka Maazimio ya Haki za Binadamu yaliyokuwa yakiandikwa, likihofia kwamba ni maadili ya Magharibi yakivishwa vazi la dunia nzima. Mwaka 1999 shirika hilohilo likatoa tamko jingine, safari hii la kuzitetea haki hizo. Katikati ya miaka hiyo waliona mengi.

Hukumu nyingine humjia mtafiti bila yeye kuitafuta. Mwaka 1985 Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda mbele ya vigango, yaani nguzo za mti zilizochongwa za ukumbusho, vya nduguze waliofariki. Muda si mrefu vigango vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu, akakiona kimojawapo kwenye picha za makumbusho ya Marekani zilizoonyeshwa na mwenzake Linda Giles. Kwa makumbusho kilikuwa sanaa. Kwa familia alikuwa ndugu aliyetekwa, na misiba iliyofuata nyumbani ilijulikana ilikotoka. Wanaanthropolojia hao hawakuandika makala wakakaa kimya. Walishughulika mpaka vigango viwili vikarudi kwa familia mwaka 2007. Picha iliyopigwa kwa ajili ya utafiti ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Mwaka jana nilirudi Ganda, nikimtafsiria mwanafunzi mwingine. Mzee alikuwa amepungua macho lakini aliijua sauti yangu. Tuliketi, tukanywa maji, mwanafunzi akaulizwa habari za bibi yake mzaa baba, akababaika. Zamu yetu ya kuuliza ilipofika nilimwomba mwanafunzi aliache swali la dini, tumwulize mzee: ukikosea, unamwendea nani?

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akatueleza habari ya ng'ombe. Aliwahi kumwuza ng'ombe wa watoto wa marehemu nduguye, mwaka wa ukame, bila kuwaambia. Hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata mwanawe akaanguka mkanjuni, akavunjika mguu. Aliwaita wale watoto, akawaambia mbele ya mashahidi wawili, akalipa ng'ombe na mbuzi juu yake, kisha akaenda peke yake kwenye kigango cha nduguye, akamwaga mnazi na kukiri maneno yaleyale, "maana watoto ni wadogo, wangeweza kunisamehe upesi."

Mwanafunzi alikuwa akiandika mbio. Mzee akanigeukia mimi.

"Na ule mtambo wako wa siku ile. Uliandika nilivyokwambia?"

"Niliandika huna, baba."

"Vyema," akasema, akamwambia mjukuu atuongeze maji.